Shimo, lundo, diaba au nyungunyungu: kuchagua njia ya kuozesha taka za jikoni Nyanda za Juu Kusini

“Dada, shikamoo. Lile shimo uliloniambia nichimbe limejaa maji. Linanuka mpaka mama mwenye nyumba anataka nilifukie.”

“Marahaba, mdogo wangu. Ulichimba wapi?”

“Nyuma ya nyumba, pale maji ya bati yanapoangukia. Hakuna pengine.”

Tuliongea hivyo hapa Uyole, Mbeya, katikati ya mvua za Januari, na maneno yale yaliniuma kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilimpa binti wa watu njia iliyonifaa mimi nilipokuwa naishi Iringa, kwenye kiwanja kipana chenye udongo unaokunywa maji haraka. Sikumuuliza ana nafasi kiasi gani, mvua inamwagikia wapi, wala nani hapo nyumbani anamenya viazi. Tangu siku ile, mtu akiniuliza njia nzuri ya kutengeneza mboji, namrudishia maswali kwanza. Nayaandika hapa, pamoja na njia nne ambazo nimezifanya mwenyewe au nimezifuatilia kwa karibu kwa majirani. Ipo na ya tano, ambayo wengi huku wanaifanya siku zote bila kuihesabu kama njia: kuwapa mifugo.

Mambo ya kupima kwanza

Anza na mvua na baridi. Kwetu mvua huja msimu mmoja mrefu, tangu Novemba mpaka Aprili au Mei, halafu ni ukavu mpaka Novemba nyingine. Ila Nyanda za Juu Kusini hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Tukuyu hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Iringa mjini haifikii nusu ya hizo. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na ikifika Juni na Julai vijidudu vinavyoozesha taka hupunguza kasi sana. Njia iliyofanikiwa Kihesa, pale Iringa mjini, inaweza kushindwa Tukuyu bila mtu yeyote kuzembea.

Halafu nafasi, na hapa nasema nafasi uliyo na kauli nayo. Mpangaji wa chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji sita ana uwanja wa kupita na kuanika nguo. Uwanja wa kuchimba hana.

Kisha mikono. Kuna njia inayotaka dakika mbili kila siku, na kuna inayotaka saa nzima kila baada ya wiki mbili. Mama anayetoka alfajiri kwenda Soko la Mwanjelwa na kurudi usiku anaweza kuipata hiyo saa moja Jumapili jioni, lakini dakika mbili za kila siku zitamshinda. Wanafunzi wa sekondari waliopanga pamoja ni kinyume chake. Jiulize nani hasa atafanya, kwa jina lake.

Pima na majirani, yaani harufu, inzi na panya. Pima gharama ya kuanza. Na pima mbolea yenyewe: itakuwa tayari baada ya muda gani, na utaipeleka wapi? Ipo mboji inayofaa sana kwenye migomba na isiyofaa kabisa kwenye viazi. Hilo nitalirudia, kwa sababu huku kwetu viazi ni chakula na ni biashara.

Ndoo mbili jikoni

Njia zote tano zinaanzia hapa. Ndoo moja ya vinavyooza, nyingine ya visivyooza. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni maganda, mabaki ya chakula na majani. Ukishayatoa hayo, kiroba kinachosubiri gari la taka kinakuwa chepesi, hakivuji, na mbwa hawana sababu ya kukichana usiku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kuweka utaratibu wa kutenganisha taka pale zinapozalishwa, na tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku. Hata hivyo sheria haimenyi ndizi. Anayemenya ndizi ndiye anayetenganisha.

Nalisema hili nikijua. Tulipoanza nyumbani nilimweleza mume wangu, nikawaeleza watoto, nikasahau kumweleza dada anayetusaidia kazi, ambaye ndiye aliyekuwa akishika kisu na ufagio kutwa nzima. Wiki ya tatu nikageuza lundo nikakuta wembe. Nilimwomba radhi, nikakaa naye tukapanga upya pamoja, na yeye ndiye aliyependekeza ndoo ya vinavyooza ikae chini ya meza ya kumenyea badala ya mlangoni nilikoiweka. Haijawahi kuchanganyika tena.

Kwenye ndoo hiyo weka maganda ya ndizi, viazi, maboga na maembe, majani ya chai baada ya kuchujwa, mabaki ya mboga, maganda ya mayai yaliyopondwa, magunzi, karatasi na maboksi yasiyong’aa. Kokwa la parachichi lipige jiwe kwanza, la sivyo utalikuta zima mwakani. Vinavyojipenyeza bila kuonekana ni vipakiti vya viungo na ule uzi wa plastiki unaofumuka kwenye salfeti za viazi. Uzi huo hauozi na ukiingia bustanini utauokota miaka. Majivu ya mkaa weka kiganja kimoja kwa wiki, si beseni, maana yakizidi yanafukuza naitrojeni. Pampasi, pedi, betri, balbu, vioo, dawa zilizoisha muda na kinyesi cha mbwa au paka havina nafasi humu kwa njia yoyote ile.

Ndoo ya lita tano au kumi yenye mfuniko inatosha familia ya watu watano au sita. Tandaza maranda kidogo chini, imwage kila siku au siku ya pili, isuuze. Ndoo ikikaa siku nne haitakuwa na rafiki hapo nyumbani.

Kikavu: tatizo la Februari linalotatuliwa Julai

Kabla sijaingia kwenye njia zenyewe, kuna jambo moja ambalo ningetamani niliambiwa mwaka wa kwanza. Vijidudu vinavyoozesha taka huhitaji kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Maganda ya jikoni na majani mabichi yana naitrojeni na maji mengi. Mabua, majani makavu, maganda ya maharage, maranda na maboksi ndiyo yenye kaboni. Kwa kukadiria kwa macho, kila ndoo moja ya kibichi itake ndoo mbili hadi tatu za kikavu. Kibichi kikizidi, hewa inakosekana, na hapo ndipo harufu ya yai bovu inapoanza. Watu husema “mboji inanuka.” Mboji iliyopata kikavu cha kutosha ina harufu ya msitu baada ya mvua.

Sasa angalia kalenda yetu. Februari na Machi jikoni kumejaa mahindi mabichi na maganda yake, majani ya maboga, matango, kila kitu kinatiririka maji. Nje kila jani limelowa. Kikavu hakuna popote. Halafu Julai, mahindi yamevunwa, mabua yamesimama makavu mashambani, maharage yamepurwa, na tunayachoma moto yote. Tunachoma Julai kile tutakachokililia Februari.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua isipokuwa ya mifugo, jaza salfeti tano au sita za kikavu wakati wa kiangazi, zikae chini ya paa. Mabua yakate vipande vya urefu wa kidole kwa panga. Walioko Mafinga na Njombe wana bahati: mbao za misindano ya Sao Hill na mashamba ya jirani zinaacha maranda mengi. Ukilinganisha na naitrojeni yake, kaboni ya maranda inazidi ya mabua mara kadhaa, kwa hiyo yachanganye na majani, yasiwe peke yake. Na uliza yametoka kwenye mbao gani. Maranda ya mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa usiyalete bustanini hata kwa bure. Majani ya milingoti nayo huchelewa sana kuoza, yatumie kidogo.

Shimo

Shimo ndilo wazee wetu walilolijua, na lina sifa moja ambayo njia nyingine hazina: halidai ratiba. Unachimba upana wa mita moja na kina kisichozidi mita moja, unamwaga kibichi, unafunika kwa kikavu na udongo kidogo, unaondoka. Likijaa unalifunika na kuchimba la pili. Baada ya miezi minne hadi sita, na zaidi kama miezi ya baridi imeingia katikati, unachimbua mbolea. Gharama ni jembe ulilonalo.

Iringa na maeneo makavu yanayoelekea Pawaga, shimo linakuwa hifadhi ya unyevu. Kiangazi kirefu hukausha lundo la juu ya ardhi mpaka kazi inasimama, lakini ndani ya shimo unyevu unabaki. Kule ndiko lilikonifaa mimi. Mahali penye mvua kubwa au udongo wa mfinyanzi mambo hugeuka, shimo linakuwa kisima. Hewa haimo, taka zinachacha badala ya kuoza, na zinatoa gesi ya methani, ileile inayotoka dampo, ambayo hunasa joto angani mara nyingi kuliko hewa ukaa. Yaani umeihamisha dampo nyuma ya nyumba yako. Mfereji wa kuzunguka shimo na bati juu yake husaidia, ila kama maji ya paa yanaangukia hapo, usijaribu.

Panya ni wachache likifunikwa vizuri kwa udongo. Joto halipandi sana, kwa hiyo mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa havifi vyote. Mlinde mtoto mdogo: shimo lililo wazi ni hatari, wekea fito juu.

Rungwe wana namna yao ambayo naipenda kuliko shimo la kawaida. Taka za jikoni zinakwenda migombani moja kwa moja, na ukichimba kishimo kifupi na kuzungushia migomba mitatu minne, hakuna haja hata ya kuchimbua mbolea. Mgomba unakunywa maji yaliyozidi na unakula palepale. Kwa mwenye migomba na asiye na muda, sijaona njia nyepesi zaidi ya hii.

Lundo la kugeuza

Hii ndiyo inayotaka jasho, na ndiyo inayotoa mbolea bora kwa haraka. Siri yake ni ukubwa. Lundo la mita moja kwa mita moja kwa mita moja hutunza joto lake lenyewe. Likiwa na mchanganyiko sahihi, ndani ya siku chache katikati hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, hata asubuhi ya Julai ambayo majani ya nje yameganda kwa umande. Mara ya kwanza nilipochomeka fimbo ya chuma katikati ya lundo langu, nikasubiri dakika chache na kuichomoa, sikuweza kuishika. Nilimwita kila mtu nyumbani aje aone. Joto hilo likidumu siku kadhaa, na kila sehemu ikapata zamu yake ya kuwa katikati, linaua mbegu za magugu na vimelea vingi.

Panga matawi membamba chini ili hewa ipite, halafu tabaka la kikavu, tabaka la kibichi, samadi kidogo kama ipo, kikavu tena. Ukikamata kiganja cha mchanganyiko na kukiminya, kitoe tone moja au mawili, kama kitambaa kilichokamuliwa. Geuza kwa uma kila wiki moja au mbili, nje kuwe ndani. Miezi miwili hadi minne, kazi imekwisha.

Shida yake ni kwamba jikoni pekee hakujazi mita moja ya ujazo kwa haraka. Ukimwaga ndoo moja kwa siku, unapata rundo dogo baridi ambalo halipati joto kamwe. Wanaofaulu ni wale wanaokusanya: wanaweka vya jikoni kwenye diaba pamoja na kikavu, wanasubiri siku ya kufyeka majani au kusafisha banda, kisha wanajenga lundo zima siku moja. Au nyumba tatu nne zinaungana. Wakati wa mvua lazima liwe chini ya turubai au kibanda cha bati, maana mvua ya Machi inalipoza na kusafirisha virutubisho mpaka mtaroni. Kiangazi lazima ulimwagie maji, na kama maji unanunua kwa ndoo, hesabu hiyo gharama.

Harufu haipo kama linageuzwa. Mapanya hulipenda lundo lililosahaulika, hasa likiwa na ugali na makande juu. Mabaki ya chakula kilichopikwa yafukie katikati. Nyama na samaki acha. Ni njia ya mwenye bustani au shamba la karibu, mwenye mgongo mzima au vijana wa kumsaidia, na mwenye nia ya kuotesha vitu vya thamani. Miche ya parachichi, nyanya, kabichi za kuuza: hii ndiyo mboji yake.

Diaba au ndoo za kuozeshea

Nilipopanga Mtwivila, mtaa wa Iringa mjini, sikuwa na hata hatua mbili za ardhi yangu. Nilitoboa ndoo mbili za lita 20 matundu ya ukubwa wa penseli pembeni na chini, nikaziinua juu ya matofali, nikaweka sinia kuukuu chini ya kila moja. Ndoo ya kwanza ikijaa unaiacha itulie, unaanza ya pili. Diaba la lita 60 au 100 lililopasuka na lisilofaa tena kwa maji linafanya kazi hiyohiyo, na hata kiroba kigumu kilichotobolewa.

Kila siku unamwaga vya jikoni na kufunika kwa kikavu mara mbili yake. Mara moja kwa wiki unakoroga kwa mti mpaka chini. Ndiyo dakika mbili nilizosema. Ukiacha kukoroga, chini kunageuka uji mweusi, na hapo utajua majirani wanakupenda kiasi gani. Kiasi ni kidogo mno kutunza joto, hivyo huchukua miezi minne hadi sita, na Njombe au Makete usishangae ikizidi. Weka upande unaopigwa na jua la asubuhi, chini ya upenu ili mvua isiingie. Mfuniko ufungwe kwa kamba. Panya wa mjini anaufungua mfuniko uliolegea.

Jambo la viazi sasa. Ugonjwa wa mnyauko bakteria unasumbua viazi mviringo na nyanya kote huku kwetu, na kiazi kinaweza kuonekana kizima sokoni kumbe kimebeba vimelea. Maganda yake yakiozeshwa bila joto kali, vimelea vinaweza kubaki hai. Mboji ya diaba, na ya shimo pia, usiipeleke kwenye shamba la viazi, nyanya, bilinganya au pilipili. Ipe mchicha, chainizi, figiri, maua, mgomba, mti wa kivuli. Kwa mpangaji mwenye makopo sita ya mboga dirishani, hiyo ni zaidi ya kutosha. Ukihama, unaipakia kwenye guta pamoja na vitu vyako.

Nyungunyungu

Hawa wanahitaji moyo wa kufuga zaidi kuliko moyo wa kutupa taka. Wale wa kijivu unaowaona ukilima si hawa. Wale huishi ndani ya udongo na boksini hufa. Wanaohitajika ni wembamba wekundu wanaopenda samadi na majani yanayooza. Joto wanalolipenda ni kama nyuzi 15 hadi 25, na hapa Nyanda za Juu zimependelewa: Dar es Salaam mfugaji anahangaika kuwapoza, Mbeya sehemu kubwa ya mwaka hali yenyewe ndiyo wanayoitaka. Juni na Julai waingize ndani au funika boksi kwa magunia.

Kilo moja ya nyungunyungu hula karibu nusu kilo ya taka kwa siku, si zaidi. Familia inayomenya ndizi za watu wanane itawazidi, taka zitachacha, nao watatoroka au kufa. Hawataki ndimu na machungwa kwa wingi, pilipili, vitunguu vingi, mafuta, nyama, wala mabaki yenye chumvi kama mchuzi wa dagaa. Unaona kwamba mlo wetu wa kawaida unawakera. Kwa hiyo ndoo ya vinavyooza inabidi igawanywe tena, na vinavyobaki vihitaji njia ya pili.

Gharama ya kuanza ni kubwa kidogo, kwa sababu mbegu ya nyungunyungu hununuliwa au kuombwa kwa anayefuga, na boksi lazima liwe na kivuli, matundu na kinga dhidi ya siafu. Jirani yangu mmoja aliwapoteza wote usiku mmoja kwa siafu. Sasa miguu ya boksi lake inasimama ndani ya makopo ya maji. Kinachotoka baada ya miezi miwili hadi mitatu ni laini, cheusi, hakina harufu hata chembe, na kijiko chake kwenye kopo la mche kinaonekana kazi yake. Maji yanayochuruzika chini yachanganye na maji safi mara kumi, na usiyamwagie mboga za kuliwa mbichi. Njia hii ni ya mwenye kitalu, au mtu mpole anayependa kufuatilia vitu vidogo kila siku. Watoto wengi wa shule ya msingi ni wafugaji wazuri sana wa nyungunyungu kuliko wazazi wao.

Kuku na nguruwe

Wengi huku hawana haja ya kusoma yote hayo juu, maana maganda yakidondoka kuku wameshafika. Ni haraka, ni bure, na yanarudi kama yai. Ila mifugo hula, haiozeshi: kinyesi bado kinatakiwa kiende kwenye lundo au shimo, na maganda wasiyokula yatanuka uwanjani.

Kuna mambo ya kukataa bila mjadala. Maganda na kokwa za parachichi ni sumu kwa kuku, sungura na mbuzi, na siku hizi kila uwanja wa Rungwe na Njombe una parachichi. Maganda ya viazi vilivyobadilika rangi kuwa kijani, na machipukizi yake, yana sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu. Usimpe kuku kitu ambacho umekataa kumpa mtoto, kwa sababu utamla huyo kuku.

Na nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, imewahi kufagia mabanda mkoani Mbeya, na njia mojawapo ya kuenea kwake ni mabaki yenye nyama ya nguruwe. Mabaki ya hotelini na ya kitimoto yasiingie bandani. Ya nyumbani yachemshe vizuri kwa nusu saa walau, au yapeleke katikati ya lundo la moto. Mwenye mifugo yake tayari, na banda lililo mbali na dirisha la jirani, ana njia nzuri. Kuanza kufuga nguruwe ili upate pa kupeleka maganda ni kujiongezea kazi.

Kulingana na hali yako

Kama uko Iringa mjini au upande mkavu, una uwanja wako na huna muda wa kila wiki, chimba shimo na ulifunike vizuri kila unapomwaga. Kama uko Rungwe, Busokelo au popote penye mvua nyingi na migomba, peleka migombani, na usichimbe kwenda chini sana.

Kama unalima kwa kuuza, hasa nyanya au viazi, au unaotesha miche, jasho la lundo litakurudishia. Tafuta nyumba mbili au tatu za kuungana nazo, na muwe na turubai kabla ya Novemba. Usipoweza kugeuza, usitumie mboji yako kwenye viazi. Hapo ni bora ununue samadi iliyooza na kuipeleka mboji yako kwenye migomba.

Kama una kuku tayari, waache wachague kwanza, kisha wanachoacha pamoja na takataka za banda viende kwenye shimo au lundo. Kama una mtoto anayependa viumbe na familia ndogo isiyopika kwa wingi, anza na boksi moja la nyungunyungu, ukiwa na ndoo ya pembeni kwa ajili ya ndimu na vitunguu.

Kama hujawahi kufanya lolote na uko katikati ya mvua sasa hivi, anza kutenganisha tu kwa mwezi mmoja. Mpe mwenye migomba au banda jirani ndoo yako ya vinavyooza, na wewe kusanya maboksi makavu. Utaingia kwenye njia yako Mei ukiwa tayari na mkono uliozoea.

Na kama ni mpangaji kama mdogo wangu wa lile shimo, ni ndoo au diaba. Jumamosi iliyofuata tulilifukia pamoja, nikamletea salfeti mbili za mabua yaliyokatwa kutoka kwenye akiba yangu, tukatoboa ndoo zake kwa msumari uliochomwa motoni. Zimekaa upenuni kwa mama mwenye nyumba, ambaye wiki iliyopita aliuliza kama anaruhusiwa kumwagia humo majani yake ya chai.